Kaa Chini, Atuganile

Mwaya, Kyela
6 Mei 2024

Kwa Baba Jovitus,

Shikamoo baba. Mwaghonile, kama ulivyokuwa ukitusalimia ukifika kwetu na baiskeli kutoka Busale, na sisi watoto tunakucheka kwa jinsi ulivyoitamka salamu yetu kwa Kihaya. Sisi ni wazima. Mama bado anafinyanga vyungu ingawa magoti yanamsumbua. Mvua za mwaka huu zimetutenda, maji yaliingia mpaka jikoni, lakini yameshatoka na mpunga umesimama.

Usishangae kuona barua. Nimekupigia simu mara mbili, na mara mbili umesema mtandao unasumbua, ukakata. Karatasi haikatiki, baba. Hii utaisoma mpaka mwisho.

Jumamosi ya tarehe 31 Agosti tunamjengea baba kaburi na kumwekea msalaba. Mchungaji na wazee wa usharika wameniita wakaniomba mambo mawili. La kwanza, niandike upya historia ya marehemu isomwe siku hiyo, kwa sababu ile ya mazishini kaka yangu Lutengano aliiandika mbio mbio, akasahau hata mwaka ambao baba alianza kufundisha kwaya. Hilo nimekubali. Wewe uliimba naye miaka thelathini ulipokuwa bwana shamba wetu huku, kwa hiyo niandikie unayoyakumbuka.

La pili wanataka niongoze sauti ya kwanza katika wimbo wake wa maziko, ule alioutunga mwenyewe na kuwaimbia wafu wa Mwaya wote. Wanasema ule mstari wa juu hakuna anayeufikia ila mimi. Hapo ndipo pagumu.

Sijaimba miaka kumi na moja. Sijui kama unajua. Jumapili moja, kanisa limejaa mpaka madirishani, niko mstari wa mbele naimba kwa roho yangu yote, baba akashusha mikono. Kwaya ikanyamaza. Akaninyooshea kidole, mimi, mwanawe, mama wa mtoto, akasema, "Kaa chini, Atuganile. Hapa hatumwigizii Mungu." Nikakaa. Mikono ikapanda tena, wakaendelea bila mimi.

Hakunieleza siku ile wala baadaye. Kwaya yake nimeishonea sare miaka yote hiyo. Nawapima mabega, wanavaa, wanaenda kuimba, mimi nabaki barazani na cherehani yangu. Watu wanadhani nimesusa. Jamani, nisuse nini?

Desemba alipokuwa anaondoka nilimwogesha mimi, nilimlisha uji mimi. Siku tatu kabla hajafa nilijikaza nikamuuliza polepole, "Baba, siku ile nilikosa nini?" Akanitazama vizuri tu, akatabasamu, akasema, "Ndaga." Asante! Asante ya nini, baba Jovitus? Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo.

Wewe ndiye uliyekuwa rafiki yake wa pekee wa kuandikiana. Aliwahi kukuambia kwa nini? Nikijua, nitaimba, au nitakataa kwa amani. Nisipojua, sifungui mdomo kaburini kwake, na wazee waseme watakavyo.

Binti yako,
Atuganile (Mama Kisa)


Muleba, Kagera
27 Mei 2024

Binti yangu Atuganile,

Marahaba. Nimepokea barua yako, nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoamuru. Ulikuwa mkali ukiwa mdogo na naona hujapoa. Mimi nipo, waitu, yaani jamani kwa Kihaya chetu, miguu inakataa lakini mdomo unakula. Mpe pole mama yako Jeni. Mwambie kile chungu alichonipa nilipostaafu bado nakipikia maharage, na wajukuu wangu wamekatazwa kukigusa.

Sasa andika haya.

Andongwisye alianza kufundisha kwaya mwaka 1974, akiwa mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nilihamishiwa Busale mwaka 1979, kijana Mkatoliki kutoka Kagera, simjui mtu. Mwezi wa kwanza akafa mlinzi wa ghala letu, Mwislamu wa Tabora, hana ndugu hata mmoja huku. Sisi watumishi tulikuwa sita, tunatazamana tu. Akatokea mtu mwembamba na watu ishirini nyuma yake, wamevaa sare. Hakuuliza marehemu ni wa dini gani. Masheikh wa Kyela walipofika alikaa pembeni na kwaya yake, wakangoja kwa heshima mpaka dua zikaisha, kisha akashika jembe akafukia. Nikamfuata nyumbani kwake siku ileile nikamwambia, "Mwalimu, mimi nina sauti nene, unanitaka?" Hivyo ndivyo Mkatoliki alivyoingia kwaya yenu.

Andika habari ya mlango. Ziwa lilitupa maiti pale ufukweni, mvuvi asiyejulikana, labda wa upande wa Malawi. Mbao hazikuwapo. Baba yako akang'oa mlango wa mbele wa nyumba yake akachonga jeneza. Mkakaa miezi minne na khanga mlangoni, na mama yako kila akipita pale anaguna. Wewe ulikuwa darasa la pili, ulikuwa unajificha nyuma ya ile khanga unatutisha tukija.

Andika kwamba mwaka wa mafuriko makubwa alivusha wajawazito kwa mtumbwi kwenda zahanati, siku tisa, na akiwa anapiga kasia alikuwa akiwafundisha mapambio ili wasiogope. Mmoja alijifungua mtumbwini, mtoto akaitwa Dickson, ni fundi baiskeli Ipinda sasa.

Andika kwamba alikuwa akiandika nota za do-re-mi kwa chaki mbele yetu, watu wasiojua kusoma jina lao, na wakazisoma. Hakuwahi kulipwa. Hakuwahi kuchelewa.

Kuhusu kuimba kwako, mwanangu, mimi nilikuwa nimeshastaafu nimerudi huku, kwa hiyo sikuona kilichotokea Pasaka ile. Nadhani mzee alitaka kukufundisha unyenyekevu tu. Walimu wa zamani ndivyo tulivyo, tunamchapa zaidi tunayempenda. Usilichukulie kwa uzito. Simama uimbe.

Msalimie Kisa.

Mzee wako,
Jovitus


Mwaya
19 Juni 2024

Baba Jovitus,

Shikamoo. Ndaga fijo kwa habari ulizoniandikia. Nilimsomea mama ile ya mlango, akacheka mpaka akaweka udongo chini, kisha akalia. Yote nimeyaandika, na ya mtumbwi nimemtuma mtu kwa Dickson mwenyewe kuhakikisha.

Sasa tuongee mimi na wewe.

Mimi sikuandika kwamba ilikuwa Pasaka. Ichukue barua yangu uisome tena. Nimeandika "Jumapili moja." Wewe uko Muleba, hukuwepo, hukuona, umejuaje kwamba ilikuwa Pasaka? Kuna mtu alikuambia, na mtu huyo si mwingine ila baba. Baba yangu mdogo, unaniongopea na mvi zako!

Na hilo la unyenyekevu peleka kwingine. Ngoja nikuambie kwa nini siwezi kulichukulia kwa wepesi, maana naona unadhani ni aibu tu inanisumbua. Aibu ningeshaizoea.

Kwaresima ile nilikuwa nimerudi nyumbani na Kisa mgongoni, nimemkimbia baba yake. Alikuwa amenivunja jino na mkono mmoja hauinuki. Wazee wa kanisa wakanikalisha, baba akiwa mmoja wao, wakaniambia nimsamehe, nirudi kwangu baada ya sikukuu. Nikajibu, "Ndiyo, wazee." Kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimeapa kwamba sirudi hata nife, na kumsamehe nilikuwa sijamsamehe hata kidogo, nilikuwa nikimwombea mabaya huku nimefumba macho kama nasali. Halafu Pasaka nikavaa sare nyeupe nikasimama mbele kuimba ufufuo.

Ndipo baba aliponiambia hapa hatumwigizii Mungu.

Unamjua baba alivyokuwa mtu wa maombi. Watu walikuwa wanakuja kutoka Talatala kuombewa naye. Nilijua palepale kwamba Mungu amemwonyesha yaliyo ndani yangu. Baada ya siku ile hakuna mzee aliyenigusia tena habari ya kurudi kwa mume, nikajua baba amewaambia niachwe, huyu ameshaharibika. Miaka kumi na moja, baba Jovitus, kila nikienda kwenye Meza ya Bwana nauliza kama nakula hukumu yangu. Nimewahi kurudi nikakaa kabla ya kufika mbele, nikasingizia tumbo.

Kwa hiyo nataka kujua baba aliona nini ndani yangu. Hilo tu. Kama aliona uovu, nitaukubali na nitakaa kimya mpaka na mimi nizikwe. Siwezi kwenda kumwimbia kaburini kwake kitu alichokwisha kukikataa akiwa hai.

Jumapili iliyopita nimemwambia mchungaji kwamba siimbi. Ameniuliza sababu, nikasema kifua kinauma. Haya, nimeongopa tena.

Usiponijibu ukweli, usinijibu kabisa.

Atuganile


Muleba
8 Julai 2024

Atuganile,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Mke wangu aliniuliza kama nina malaria.

Sikujua kwamba ndivyo ulivyoelewa. Naapa kwa Mungu sikujua, na nadhani hata yeye hakujua. Tulidhani umekasirika tu, kama binti anavyomkasirikia baba yake, na hasira huisha. Hatukujua kwamba umeibeba mpaka kwenye Meza ya Bwana.

Nilimwahidi kwamba sitamwambia mtu. Ndiyo maana nilikata simu. Nilishaizoea ahadi hiyo, nikaona kumtunzia rafiki siri yake ni wema. Lakini sasa yeye ameshapumzika na wewe ndiye unayekufa, kwa hiyo naivunja. Akinidai huko tutakapokutana, nitamjibu.

Ninakutumia barua aliyoniandikia mwaka ule. Ni yenyewe, si nakala. Isome ukiwa umekaa.

Ila kabla hujaisoma, jua jambo moja ambalo halimo ndani yake, nisije nikajificha nyuma ya marehemu. Utaona mwishoni aliniuliza swali. Nilimjibu kwa haraka, sikulala hata usiku mmoja na swali lake. Nilimwandikia hivi: "Usimwambie. Ukimwambia Atuganile, mama yake atajua, na kwaya itajua, na wazee watakushukuru kwa risala na kukustaafisha. Nani atawazika watu wa Mwaya? Mtoto ni mtoto, atasahau." Hayo ni maneno yangu mimi Jovitus. Yeye alikuwa anaegemea kukuambia, mimi nikamvuta upande mwingine. Niliipenda kwaya ile, na nilikuwa mbali nayo, nilitaka iendelee kuwepo kama nilivyoiacha.

Sikuombi kitu. Soma.

Jovitus


Mwaya
9 Juni 2013

Kwa ndugu yangu Jovitus,

Amani ya Bwana iwe nawe. Huku tunaendelea, mpunga wa mwaka huu ni mzuri, ungekuwepo ungejisifu kwamba ni mbegu yako.

Nina jambo, na sina wa kumwambia ila wewe.

Siku ya Pasaka nimemwaibisha Atuganile mbele ya kanisa. Tulikuwa kwenye ubeti wa pili. Sauti ya nne naisikia, sauti ya tatu naisikia, ya pili kwa mbali. Ya kwanza hakuna. Nikamtazama Atuganile, mdomo uko wazi, shingo imekaza, sauti haitoki, pumzi tu. Nikasema moyoni, huyu amesusa. Amesusa kwa sababu nimemwambia arudi kwa mumewe, sasa anakuja kuniigizia mbele za Mungu siku ya ufufuo. Hasira ikanipanda, Jovitus. Nilimwambia akae chini, na nilimwambia maneno mabaya.

Aliponitazama niliona ameshtuka kama mtu aliyepigwa na asiyejua kosa lake. Lakini sikurudi nyuma. Nilikuwa mbele za watu.

Jumamosi iliyofuata Jeni alitoa vyungu vyake motoni. Unajua kazi yangu: yeye anachoma, mimi navigonga kimoja kimoja kwa kidole, kinacholia tunakipeleka sokoni, kilichopasuka hakilii, tunakiweka kando. Nikagonga cha kwanza, hakilii. Cha pili, hakilii. Nikagonga kumi na nne na vyote nikaviweka kando. Nikamwambia, "Mama Lutengano, wiki hii umechoma vibaya, vyote vimepasuka." Akaja akapiga magoti, akagonga kimoja mbele yangu, akanitazama usoni. Akagonga cha pili. Nikaona anasubiri niseme kitu. Nikacheka, nikasema nilikuwa namtania.

Vyungu vilikuwa vizima, Jovitus. Na Atuganile alikuwa anaimba.

Tangu hapo nimejipima. Kengele ya baiskeli siisikii. Vifaranga sivisikii. Kisa analia miguuni pangu naona machozi tu. Sauti nene zote ninazo, hata ngurumo ya ziwa ninayo, lakini kila kilicho chembamba kimeniondokea. Nimeshaanza kuongoza kwa macho. Nawaambia wafungue midomo sana, wanadhani nimekuwa mkali.

Nimewaambia wazee wamwache binti yangu, asirudishwe kwa mtu yule. Nimewaambia mimi ndiye niliyekosea kushauri. Hilo nimelifanya. Lakini kumwambia yeye mwenyewe kwamba niliyemwona anaigiza alikuwa anaimba, na kwamba kiziwi ni mimi, nimeshindwa. Nimekwenda barazani kwake mara tatu. Mara zote tatu nimeishia kuuliza bei ya kitambaa.

Nikisema, wataniondoa kwenye kwaya, na watakuwa na haki. Mwalimu wa kwaya asiyesikia ni nini? Bila kwaya mimi sijui nitaamka asubuhi nifanye nini. Basi nimemwacha mwanangu anyamaze ili mimi niendelee kuonekana nasikia. Naomba juu ya jambo hili kila siku na sipati amani, maana najua ninachoambiwa nifanye na sifanyi.

Je, nimwambie? Nijibu kwa haraka.

Rafiki yako,
Andongwisye


Mwaya
4 Septemba 2024

Baba Jovitus,

Shikamoo.

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Ningekujibu Julai ningeandika maneno ambayo mtu hamwandikii mzee.

Barua ya baba niliisoma nimekaa kwenye cherehani. Nilipofika kwenye ile baraza, mara tatu, bei ya kitambaa, nilikumbuka. Mara ya tatu nilimjibu vibaya, nilimwambia, "Baba, mbona unauliza na hununui?" Akaondoka. Laiti ningemwambia akae!

Na ile Ndaga ya Desemba nimeielewa. Nilimuuliza kwa sauti ndogo ili nisimuumize mgonjwa, na mkononi nina kikombe cha uji. Alidhani namuuliza kama ameshiba. Alinishukuru kwa uji. Nilikuwa nayo hasira na asante ile miezi saba yote.

Jioni ileile nikampelekea mama barua. Macho yake hayasomi tena, nikamsomea. Alikuwa analainisha mdomo wa chungu kwa kipande cha ngozi, hakusimama. Nilipomaliza ile ya vyungu kumi na vinne alisema tu, "Nilijua." Nikamuuliza alijua tangu lini. "Tangu siku hiyo. Nilipogonga cha pili na yeye akacheka. Mtu nimeishi naye hivyo, nisijue masikio yake?" Nikapandisha sauti, baba, Mungu anisamehe, nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliniacha mimi nife kwa kiu miaka yote. Akasema, "Nilikuwa namsubiri akuambie mwenyewe. Kila mwaka nikasema mwaka huu atasema. Ningekuambia mimi, ningemvua nguo." Akaendelea na chungu chake. Baadaye nikaona udongo umelowa kuliko unavyotakiwa.

Kwa hiyo mlikuwa watatu, yeye, mama na wewe. Siri mliijua watatu, mkaitunza vizuri, na mimi ndiye niliyewalipia. Wewe sijakusamehe, baba Jovitus. Nakuandikia bila kukuficha ili tusije tukaigiziana na sisi. Mama nimemsamehe nusu. Baba ndiye ananichosha, maana nikimkasirikia namwona amesimama barazani anapapasa kitambaa, na hasira inaniishia mkononi.

Lakini kuna kitu kimoja nimekipata, nacho nikushukuru wewe kwa kukitoa ingawa umechelewa. Hakuona kitu ndani yangu. Hakuna alichoonyeshwa. Nilikuwa binti aliyepigwa na mumewe, anaimba Pasaka, na baba yake hasikii. Ndiyo hivyo tu. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye Meza ya Bwana nikafika mpaka mbele, nikapokea.

Nikamwambia mchungaji kifua kimepona.

Sasa nikuambie ya Jumamosi. Watu walikuja kutoka Busale, Talatala, Ipinda, mpaka nyuma ya migomba wamesimama watu. Historia niliisoma mwenyewe. Ya mlango waliicheka, ya mtumbwi Dickson alisimama akavua kofia. Habari ya masikio sikuiandika. Nilifikiria sana, nikaona si yangu kuisoma kwa kipaza sauti. Lutengano peke yake nimemwonyesha barua, kwa sababu sasa yeye ndiye mwalimu wa kwaya na anayo haki ya kujua. Alilia kama mtoto, akaniomba radhi kwa ubeti ule walioendelea bila mimi.

Msalaba ukasimikwa. Lutengano akainua mikono. Ukaanza wimbo.

Nilianza vizuri. Ubeti wa kwanza ulikwenda, nikawaona wale wamama wa zamani wanatazamana na kutabasamu. Tukafika kwenye mstari wa juu. Nikavuta pumzi kama alivyonifundisha, nikafungua mdomo, na sauti haikupanda. Haikuwepo, baba. Nilikuwa na miaka thelathini na moja nilipoiacha, nimeifungia ndani miaka kumi na moja nikidhani inanisubiri. Ilitoka pumzi tu, mdomo wazi, shingo imekaza, mbele ya watu wote na mbele yake. Watu wakainamisha macho. Kisa alitaka kuja kunishika. Lutengano akaanza kushusha mikono ili anifunike aibu.

Nikamtikisia kichwa asishushe. Nikarudi mwanzo wa mstari, nikauchukua chini, chini kabisa, kule kwenu kwa wanaume wa sauti ya nne, mahali ambapo sijawahi kuimba maisha yangu. Nilikuwa peke yangu mwanzo, kwaya haikujua inifuateje. Kisha wazee wa sauti ya nne wakaingia, mmoja, wawili, wakanibeba. Tukaumaliza hivyo. Kisa anasema nilikuwa naimba kama babu.

Ile sauti nzuri imekwenda, hairudi, na njia nzima ya kurudi nyumbani niliililia kuliko nilivyomlilia baba siku ya kumzika. Imebaki hii nene. Hii angeisikia.

Binti yako,
Atuganile